Breki za Kifaru

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu kamkanyagia Kifaru, gari lake, breki mara tatu, wapi! Gari limekwenda kulamba ukuta wa gereji. Kiharusi kimeuacha mguu wake wa kulia kama gogo. Na gari lenyewe — miaka ile alilitia injini ya lori na bampa za chuma, likawa zito kama mlima, breki akaacha zile zile za kigari cha kwendea sokoni. Alikuwa akilisimamisha kwa nguvu ya paja. Sasa paja liko wapi?
Nikasema tuliuze. Akasema likiondoka hilo, tumzike tu. Kalala na viatu.

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo wake kaja, yule fundi breki. Kaleta diski pana kama sinia, kalipa kubwa za kuzibana, na busta ya kuuongezea mguu nguvu. "Shemeji, hili sasa hata kuku atalisimamisha!" Mume wangu kacheka. Nusu ya mdomo, lakini kacheka — mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Nikakimbilia jikoni. Nimelia juu ya vitunguu ambavyo sijavikata.

Jumamosi, 8 Machi
Tumetoa hewa kwenye mabomba ya breki. Mimi kwenye usukani, shemeji uvunguni. Kanyaga! Shikilia! Achia! Mume wangu kwenye kiti cha plastiki akazidaka amri, akazitoa yeye, kwa ulimi wake mzito. Shemeji akamwachia ukubwa wake. Polepole pedali ikawa ngumu chini ya unyayo wangu.
Kisha barabara ya nyuma ya kiwanda, kuzizoesha pedi mpya za breki: kimbia, breki, kimbia, breki. Harufu ya kuungua. Linasimama papo hapo! Mkanda umenibana mpaka kifua kinauma.
Mume wangu: kesho zamu yangu.

Jumapili, 9 Machi
Uwanja wa kiwanda, mtupu. Yeye usukani, mimi kando yake. Shemeji mbele kule, na kitambaa chekundu. Kitambaa kikashuka — gari likasimama kama limepigiliwa msumari. Shemeji akacheza peke yake! Mume wangu machozi yakamlenga.
Mara ya pili kitambaa kikashuka. Sisi tunakwenda. Nikamtazama: meno kayauma, jasho linamtoka, anakanyaga kwa uso mzima. Mguu umelala sakafuni. Hauko kwenye breki. Na hajui! Nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Shemeji akaruka pembeni.
Gari likasimama.
"Breki zimelegea," akaniambia. "Mwambie akaze."
Shemeji dirishani, anahema. Kauona mguu. Kanitazama.
"Sawa, kaka," akasema. "Nakaza."
Niko hapa ukingoni mwa uwanja, naandika. Shemeji yuko uvunguni, spana inagonga, anakaza nati ambazo hazijalegea. Mume wangu hajashuka. Katoa kichwa dirishani, ananiuliza mimi: bado tu?