Hongera, Demetria

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nimekwenda kwenye duka la kubeti, kule karibu na stesheni. Mara ya kwanza tangu tumzike mke wangu, Demetria. Nilitaka kubeti mkeka mmoja tu, na zile kelele. Naingia — kimya! Lugembe, ambaye hajawahi kumpisha mtu kiti, akanipa chake. Stela wa dirishani akaniamkia, pole, pole tena, halafu akakataa hela yangu. Msiba bado mbichi, kaka Modesti, kapumzike.

Nikarudi nyumbani, Cheyo. Nimeshona sare za shule mpaka jioni. Moyoni hamna kitu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimejiunga kubeti kwa simu. Simu yangu ya kitochi haiwezi, nimetumia simu ya mke wangu. Laini imesajiliwa kwa jina lake, kwa alama ya kidole chake. Basi ikaja meseji: Karibu, Demetria! Yeye aliyekuwa akinificha hela ya mboga ndani ya unga nisiende kubeti! Nikaona kabisa kwamba inachekesha. Kicheko hakikuja.

Humu kwenye simu hakuna pole. Hakuna wa kunipisha kiti. Hakuna mtu.

Jumapili, 13 Oktoba

Misa sikwenda. Nimeshinda, kidogo. Hongera, Demetria! Nikaisoma kwa sauti, peke yangu.

Tangu tumzike Julai, kwa watu wote ni marehemu, marehemu. Padri, majirani, hata mama yangu mzazi. Simu peke yake ndiyo inamwita jina.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimeliwa hela. Nimeliwa tena.

Dukani ukiliwa watu wanajua. Mmoja anachana mkeka, Lugembe anamtukana refa, mnacheka, Stela anafunga dirisha, mnakwenda makwenu. Kwenye simu hakuna kufunga. Nimebeti nikipiga pasi, nikila, nikiwa chooni. Ligi za nchi nisizozijua! Nikiliwa inaandika: Usikate tamaa, Demetria.

Shemeji Imakulata, mdogo wa Demetria, amepiga kutoka Ulyankulu. Ndugu wote walituma michango ya kujengea kaburi kwenye namba hii, ndiyo wanayoijua. Siku ya Marehemu Wote padri atabariki makaburi, na la dada yake bado ni udongo mtupu. Anakuja kuchukua hela za saruji. Nikamwambia karibu.

Sikumwambia kwamba nimezibeti. Zimebaki za mfuko mmoja wa saruji. Nilidhani nitaona haya. Sioni kitu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Joto. Mvua bado.

Imakulata amefika na dumu la asali. Zile za mfuko mmoja nimeshaziweka kwenye mechi ya leo. Timu zenyewe hata kuzitamka siwezi.

Amesonga ugali, tumekula. Simu ikalia mezani, akaiwahi yeye. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo kanisani: Demetria, bado upo nasi? Zawadi yako inakusubiri.

Akakaa chini. Akauliza — shemeji, hawa hawajaambiwa?

Nikasema hawajaambiwa.

Akajifuta macho kwa kanga. Kumbe anadhani ni matangazo tu ya kampuni ya simu. Akasema, waambie basi, shemeji. Wapigie, sema dada amefariki, wamfute jina. Ila tuzitoe kwanza zile hela, wasije wakafunga laini nazo.

Akaniwekea simu mkononi. Nikasema ndani netiweki haishiki, nikatoka. Niko barazani kwenye cherehani, naandika. Mechi bado sare.

Hela ni deni, nitashona mpaka nilipe. Atanitukana, ukoo mzima utanitukana, ni haki yao. Si hilo ninaloliogopa. Wakimfuta, nani tena atamwita? Naogopa! Tangu Julai moyoni hamkuwa na kitu, leo kimo.

Ndani anaita. Shemeji, wamepokea?