Kona ya Kulia

Jumanne. Mvua imeanza kabla ya alfajiri na mpaka sasa haina dalili ya kuchoka. Hapa Bagamoyo, si ile ya pwani bali mtaa wetu huu wa Tukuyu, matope yamefika kizingitini. Nguo nilizofua Jumapili bado zinaning'inia juu ya jiko la mkaa, zinanuka moshi, na mimi sina hamu ya chochote.

Naandika kwa simu. Kompyuta ipo mezani, nimeifunika kanga kwa sababu siwezi kuitazama.

Juzijuzi nilijitapa humu kwamba nimeanza kujifunza kuchapa kwa kompyuta. Anayenifundisha ni Atupele, binti mwenye steshenari karibu na soko, rika moja na mwanangu Rukia. Amenipitisha kwenye skrini kipande kwa kipande. Juu kabisa ni jina la kazi yako, chini yake utepe wenye vitufe vya kunenepesha na kulaza maandishi, kisha rula, na pembeni kile kijiti cha kupandisha na kushusha ukurasa. Katikati ni karatasi nyeupe na kijistari kinachopepesa kukuonyesha herufi itaangukia wapi. Kona ya juu kulia kuna alama ya X, hiyo ni ya kufungia. Ijumaa alinihoji vyote, nikajibu bila kukosea hata kimoja, nikarudi nyumbani najiona msomi.

Najifunza kwa ajili ya Mama. Kuna wimbo wa kumuaga bibi harusi ambao bibi yangu alikuja nao kutoka pwani, alipomfuata babu huku kwenye biashara ya vitambaa. Sasa anaujua Mama peke yake, na Mama anasahau. Siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Niliwahi kuuandika nusu kwenye karatasi, nikaziweka sandukuni, ukungu wa Tukuyu ukazila. Kurekodiwa hataki hata kusikia. Anasema sauti ya mwanamke haiachwi ikazunguka kwenye simu za watu na mwenyewe yuko kaburini. Kuchapa alikubali. Rukia anaolewa kabla ya Ramadhani, na Mama anataka mjukuu wake atoke nyumbani kwa wimbo huo.

Leo asubuhi, baada ya chai, wimbo ukamjia.

Wote.

Hajawahi kuutoa hivyo tangu aanze kuugua. Alikaa mkekani, kanyoosha miguu, akaimba taratibu ili nimfuate, nami nikawa nadonoa herufi kwa vidole viwili. Beti nyingine sikuwahi kuzisikia maishani mwangu. Kuna mmoja ambao mama mtu anamwomba bintiye radhi kwa yote aliyomnyima, na huo niliuchapa huku machozi yananitiririka. Sikusevu. Niliogopa nikigusa kitu kingine nitamkatiza, na Mama akikatizwa ndiyo basi tena.

Alipomaliza alisema kuna neno amelikosea kwenye ubeti wa kwanza.

"Rudi mwanzo, mwanangu."

Nikarudi mwanzo.

Nimefundisha madrasa zaidi ya nusu ya umri wangu. Kila mwaka nawashika wale wadogo vidole, navipeleka juu ya ukurasa wa Kiarabu, kona ya kulia, nawaambia hapa ndipo tunapoanzia. Mimi mwenyewe nilianza kusoma kwa kuanzia hapo, kabla sijaiona shule. Nikiambiwa mwanzo, mkono hausubiri akili. Ulikipeleka kishale juu, kulia kabisa, ukabofya.

Kikatokea kijisanduku cha maneno ya Kiingereza, kimeukalia wimbo katikati. Mama alikuwa ameshaanza kulitamka lile neno. Nilitaka tu kiondoke nisije nikalikosa, nikabofya kitufe cha katikati, kumbe ndicho cha kutosevu. Kikaondoka. Karatasi nayo ikaondoka.

Nilibaki natazama picha ya maua ambayo Atupele aliiweka kupamba skrini, wakati Mama anaendelea kunisahihishia wimbo ambao haupo.

Niliitia kompyuta kwenye mfuko wa nailoni nikaenda steshenari nateleza njia nzima. Atupele alihangaika nayo mpaka adhuhuri, akafungua sehemu ambazo sikujua kama zipo. Alichopata ni ukurasa mtupu. Aliniuliza kwa upole nilibofya wapi na kwa nini. Nilimweleza habari ya mwanzo kuwa kulia, akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hajanielewa. Kwake mwanzo ni kushoto tangu azaliwe.

"Pole, mwalimu," alisema.

Hakuniambia kwamba nilipaswa kusevu. Afadhali angenigombeza.

Njiani nikirudi nilipanga maneno ya kumwomba Mama auimbe tena. Nilimkuta kajifunika blanketi anatazama mvua dirishani, uso umetulia kwa namna ambayo sijaiona kwa muda mrefu. Nilimuuliza, kama vile sina haraka, kama bado anaukumbuka wimbo wa asubuhi. Alinitazama sana.

"Si nimeshakupa? Nilikuwa silali, naushikilia usinitoke. Sasa unao wewe. Niache nisahau."

Nikamwambia ndiyo, ninao.

Nikaenda kuswali alasiri na uongo huo mdomoni. Tangu hapo nazunguka humu ndani, nashika hiki naacha kile. Kumwambia ukweli ni kumrudishia mzigo ambao sasa hana nguvu za kuubeba. Nisipomwambia, siku ya kumtoa Rukia itafika, na wanawake wote watanigeukia mimi.

Nimeifunua kompyuta. Nimefungua karatasi mpya, nimekaa mbele yake kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Katika wimbo wote nimebaki na mstari mmoja ninaouamini: *Nimulikie ee mama, utelezi wa njiani.* Nimeuchapa. Nimesevu. Nimesevu tena.

Kijistari kinapepesa mwishoni mwa neno la mwisho, kinangoja niendelee. Chumba cha pili namsikia Mama akimwambia Rukia asiwe na wasiwasi, wimbo wake uko salama.