Baiskeli Yangu Iko Wapi, Somo?

4 Mei

Somo Mkubwa,

Salamu nakupa kwa sababu nililelewa, si kwa sababu unazistahili. Hujambo? Wa kwako hawajambo? Mimi sijambo, kama mtu mwenye plasta kuanzia vidoleni mpaka gotini anaweza kujiita hajambo.

Simu zako sipokei. Kwa simu utaanza kulia, nikisikia unalia nitalegea, na sitaki kulegea. Barua hii nampa mama akuletee, maana naona siku hizi nyinyi wawili mna siri zenu.

Jana nimetoka hospitali. Kabla hata sijakaa, nikaomba nifunguliwe stoo niione baiskeli yangu. Stoo tupu. Hata kofia, hata glavu, hata pampu. Nikamuuliza mama, akajifanya anafuta meza. "Muulize somo yako." Nikamng'ang'ania. Ndipo akasema ulikuja na pikapu nikiwa bado wodini, ukaipakia, ukamwambia, "Huyu hapandi tena."

Hapandi tena! Nani kakuuliza? Tunaitana somo kwa kuwa tuna jina moja; jina tulipewa, maisha yangu sikukupa. Kila Jumamosi tunapanda kile kilima, wewe mbele kwenye kupanda, mimi mbele kwenye kushuka, na mtaa mzima unatucheka, wanawake wazima tunarudi na matope mpaka masikioni. Hukuwahi kulalamika. Leo nimeteleza kwenye mzizi, mzizi mmoja tu, umegeuka polisi.

Aliyeanguka ni mimi. Mguu ni wangu. Na ile fremu niliichomelea kwa mikono yangu. Irudishe.

Na usiniletee ile ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama ananipa asubuhi, mchana na jioni, kama dawa.

Somo yako Mdogo


7 Mei

Somo Mdogo,

Sijambo, watoto hawajambo, shemeji yako anakusalimia. Pole kwa mguu. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Umeandika umeteleza kwenye mzizi. Umesimuliwa, hukumbuki. Mimi nakumbuka. Pale juu ya korongo nilikuambia, "Mvua imenyesha, majani yanateleza, tushuke tukizikokota." Ukacheka. "Kokota wewe, bibi." Ukaachia breki. Nikasikia kishindo, halafu nikasikia gurudumu linazunguka peke yake.

Nilikukuta chini ya mti, kofia imepasuka kama kifuu. Ukafumbua macho ukaniuliza, "Tumefika?" Nikakujibu. Ukauliza tena, "Tumefika?" Ukauliza tena, na tena. Mimi ni muuguzi, Somo. Nimeshawasikia watu wakiuliza hivyo hivyo, na wengine hawakuja kuuliza kitu kingine. Simu haikuwa na mtandao. Ilibidi nikuache. Unajua maana yake kukuacha pale? Nilikufunika koti langu, nikakipanda kile kilima kwa mikono na miguu mpaka nikapata mtandao, na njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta maneno ya kwenda kumwambia mama yako.

Basi unauliza nani kaniuliza. Hakuna. Baiskeli ninayo mimi, nimeifunga, na ufunguo ninao. Mguu unaungwa. Kichwa hakina spea. Daktari kasema ukikigonga tena kabla hakijatulia, hajui atatukabidhi nini.

Kasirika. Kasirika ukiwa hai.

Somo yako Mkubwa


15 Juni

Somo Mkubwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Nauliza kwa ajili yao. Plasta imetolewa. Mguu umekonda kama wa kuku, lakini unakwenda.

Wiki hii nimerudi karakana. Nimevaa ovaroli, nimeshika miwani yangu ya kuchomelea, namwona fundi mkuu ananitazama kama yai lenye ufa. "Leo utapaka rangi." Nikadhani utani. Kesho yake, rangi. Kesho yake tena, rangi. Nikamfuata. "Fundi, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Yule nesi rafiki yako alipita hapa. Kasema kichwa chako hakijakaa sawa, unaweza kushikwa na kizunguzungu uko juu ya ngazi na moto mkononi. Sitaki maiti karakanani kwangu."

Somo! Ulikwenda mpaka kazini kwangu! Siku hizi habari za mgonjwa zinatangazwa katikati ya mageti na madirisha? Nikienda kwa matroni wako nikamweleza, utasema nini? Usitetemeke, siendi. Mimi simwagi unga wa mwenzangu. Hiyo kazi umejifunza wewe.

Watu niliowafundisha mimi kushika mashine sasa wananiletea mageti yao niwapakie rangi. Mmoja kaniambia, "Dada, hapa umeruka." Nusura nimpake na yeye.

Na unajua kinachoniuma? Si rangi. Tangu utotoni kila mtu ananiambia usipande, usiruke, usishike moto, utakosa macho, utakosa mume. Wewe peke yako uliniambia, "Twende." Dunia nzima nilikuwa na mtu mmoja wa twende. Sasa na wewe umehamia upande wa usi-usi.

Sema kweli. Sema, "Naogopa mimi." Usiuvalishe woga wako koti la daktari.

Somo yako Mdogo


18 Juni

Somo Mdogo,

Shikamoo yako sijaiona, lakini nimeshazoea. Sisi wazima.

Naogopa. Haya, nimesema. Naogopa hivi kwamba kitoroli cha dawa kikipita wodini na gurudumu lake likilia, natoka nje nikashike ukuta. Umefurahi? Unadhani mimi nimepanda tangu siku ile? Baiskeli yangu imelala pale pale na yako, zimekumbatiana vumbini.

Karakanani nilikwenda, na ningekwenda tena. Mtu anayeyumba akiinama kufunga kamba za viatu hapandi ngazi na moto. Aliyeniambia unayumba ni mama yako. Wewe ungesema lini? Ukishaanguka mara ya pili?

Unanililia "twende". Niliisema nikidhani kwenda kuna kurudi. Siku ile nilirudi na mtu aliyenitazama usoni asinijue, mpaka tulipofika getini hospitali. Wewe huna siku hiyo kichwani. Umeniachia mimi yote.

Baiskeli sirudishi. Andika barua mia.

Somo yako Mkubwa


2 Agosti

Somo Mkubwa,

Salamu. Mimi mzima. Kizunguzungu kimekwisha. Kasema daktari, si mimi. Nenda kamuulize, si umezoea kuchunguza habari zangu?

Jumamosi niliazima baiskeli ya jirani, fundi viatu. Nzito kama ng'ombe, breki zinalia kama zimefiwa. Nikaenda kilimani peke yangu. Kupanda nilipanda vizuri. Njia nzima nakutukana, na yale matusi yalinisukuma kuliko miguu. Msitu ulikuwa umetoka kunyeshewa, miti inadondosha maji shingoni, ile harufu unayoijua. Nikafika juu ya korongo. Nikaweka mguu kwenye pedali.

Mguu ukagoma.

Nikajiambia, shuka. Nikajiambia tena. Nilisimama pale mpaka wakapita kina mama wawili wa kuokota kuni, mmoja akaniuliza, "Umepotea, mwanangu?" Nikasema, "Hapana mama, namsubiri mwenzangu." Uongo mtupu. Walipokwenda nikaikokota. Mteremko wote nimelikokota lile dude, nalia kwa hasira mpaka njia siioni.

Usichekelee. Hilo halikupi haki. Mtu akiogopa na mwenzake pembeni, anashuka. Ungekuwepo ungesema neno lolote, hata la kipuuzi, na mimi ningeshuka hata kwa kukukomoa tu. Hukuwepo. Ulikuwa kwako, umeukalia ufunguo.

Ningeanguka nikafa, najua ungesimama makaburini ukasema, "Nilimwambia."

Usiniandikie tena mpaka baiskeli yangu irudi. Neno lako hata moja silitaki.

Aliyekuwa somo yako


20 Agosti

Somo Mkubwa,

Shikamoo. Hujambo? Watoto je? Shemeji? Safari hii nauliza kweli.

Baiskeli imefika leo mchana na ile pikapu. Umeiosha. Mnyororo umetiwa mafuta, breki ni mpya, na kofia mpya inaning'inia kwenye usukani. Nyekundu! Rangi nisiyoipenda, na unajua. Nimetafuta barua. Nimetazama ndani ya kofia, nimetazama chini ya kiti, nimeigeuza baiskeli miguu juu. Halafu nikamkimbilia dereva na mguu wangu huu mbovu mpaka barabarani.

"Hakukupa kitu?"

"Hakunipa."

"Hakusema kitu?"

"Alisema niendeshe polepole, mzigo una mwenyewe."

Nikarudi nikakaa kizingitini. Mama alinitazama ninavyoizungusha ile kofia mikononi, akasema, "Si ulitaka baiskeli? Hiyo hapo." Nikamjibu vibaya. Nimeshamwomba radhi.

Na kuna jingine. Juzi fundi mkuu kanirudishia mashine. Kasema ulikwenda ukasimama mlangoni, hukuingia, ukamwambia, "Nilisema yasiyokuwa yangu kusema," ukaondoka hukungoja jibu.

Kwa hiyo umefanya yote niliyokuambia. Tangu lini unanitii? Miaka yote nakuambia hiki na kile husikii, hili la kutoniandikia ndilo ukalishika kwa mikono miwili? Nina hasira leo kuliko siku ile nilipoikuta stoo tupu. Siku ile nilijua wa kumgombeza.

Mimi nilitaka uilete wewe. Nikupokee kwa maneno makali, unirudishie makali zaidi, majirani wasogee dirishani, tugombane mpaka sauti zikauke, halafu uingie ndani ukae.

Ya karakana sijakusamehe. Na wewe, kwa kukuachia siku ile uibebe peke yako, najua hujanisamehe. Basi tuseme hivyo ana kwa ana. Hasira ikikaa nyumba mbili mbalimbali inaoza, na mimi kwangu imeshaanza kunuka.

Kesho nakuja. Nakuja kwa barabara ya lami, mwendo wa bibi harusi, na hili likofia lako jekundu kichwani. Kilimani hatuendi, usiogope. Tutagombana kwanza, siku nzima ikibidi. Kuna siku ile unayo wewe peke yako, nataka unisimulie yote, mpaka ile sehemu ambayo nakutazama na sikujui. Nitanyamaza. Nitajaribu.

Na usijifungie ndani ukajifanya hupo. Lile geti lako nililichomelea mimi. Najua bawaba ipi haina nguvu.

Somo yako Mdogo