Pasi ya Wati Elfu Moja

Jumanne, 3 Septemba 1985
Kuruwitu. Nimejaza jenereta petroli, nimepangusa vumbi. Hili gari la chanjo lilikuwa la watalii: vitanda viwili, jiko, feni, soketi nne. Sasa kitanda kimoja kimebeba friji, na ndani ya friji mna dawa ya surua. Chanjo ni Jumamosi. Gari lenyewe haliendi, tunangoja kipuri cha giaboksi. Mimi dereva tu, lakini umeme nao nimetwikwa mimi.

Jumatano, 4 Septemba
Sista Kadzo, muuguzi wetu, kanipa karatasi. Anataka niandike kila chombo kinakula wati ngapi. Jenereta inatoa mia tano, basi. Friji mia na ishirini, lakini ikianza kunguruma huvuta mara tatu ya hapo. Feni hamsini. Taa arubaini. Nimeishia hapo. Nimeudhika. Miaka kumi na miwili kwenye malori, leo nafundishwa hesabu na mtoto wa juzi.

Kifungua mimba wa Sista alikufa kwa surua. Hajanambia mwenyewe, nilisikia Malindi.

Alhamisi, 5 Septemba
Kesho Ijumaa. Kanzu imekunjamana vibaya. Mtu wa Shella kama mimi haingii msikiti wa ugenini hivyo, watasema hana watu kwao. Pasi ninayo sandukuni. Soketi moja iko wazi.

Ijumaa, 6 Septemba
Saa tano asubuhi nilichomeka pasi. Sista alikuwa kwa mzee wa kijiji. Upande mmoja wa kanzu ulinyooka. Jenereta ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Harufu ya mpira kuungua. Pasi imeandikwa wazi kwenye mpini: wati elfu moja. Miaka yote sikuisoma.

Nikaenda kuswali. Ndiyo, nilikwenda. Hotuba sikuisikia hata neno.

Niliporudi nikamwambia Sista. Hakunifokea. Alikaa kwenye ngazi ya gari akasema friji isifunguliwe, itashika baridi mpaka magharibi tu. Afadhali angenitukana.

Nikakimbilia kwa Bi Mwanaisha, anayenunua samaki hapa na kuwapeleka Mombasa. Barafu yake huletwa na lori kutoka Kilifi. Nikampa shikamoo, nikaeleza yote.

"Na kanzu, ilinyooka?"

"Upande mmoja, Bi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akawamwaga samaki kwenye beseni, akanipa sanduku zima la barafu. Samaki hao Mombasa hawafiki tena. Aliwakaanga mpaka usiku wasioze, na mimi nikampasulia kuni. Nimeona haya.

Jumamosi, 7 Septemba
Dawa ililala ndani ya sanduku la barafu; kipimajoto kilisoma nyuzi tano. Dawa nzima. Kina mama walipanga foleni toka alfajiri, wengine wametembea kutoka bara. Wa kwanza mjukuu wa Bi Mwanaisha, akalia mpaka kijiji kizima kikasikia. Sista hakunitazama mpaka chupa ya mwisho. Halafu akanirudishia ile karatasi na kalamu. Nikaongeza mstari: pasi, elfu moja. Akaibandika juu ya soketi.

Ijumaa, 13 Septemba
Jenereta ya kuazima, mia tano vilevile. Jana niliikunja kanzu vizuri, nikaitandaza chini ya godoro, nikailalia. Leo imenyooka pande zote mbili. Sista kaiona, kacheka kidogo. Friji inanguruma.