Raga ya Kwenye Kokoto

Mpenzi mjukuu wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Sisi huku Muscat wazima, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu. Goti lake limetulia. Umeniuliza kama uivunje timu yako ya raga, kwa kuwa wachezaji hawatimii na uwanja mnanyimwa.

Miaka ya tisini sisi mafundi wa gereji za Darsait, hapa hapa Muscat, tulicheza raga hiyo hiyo ya watu kumi na tatu, na nahodha nilikuwa mimi. Watu wa maofisini walikuwa na uwanja wa majani, wakatukatalia hata kufanyia mazoezi. Nna kinyongo nao mpaka leo! Basi kila Ijumaa asubuhi tukenda Al Khoudh, kwenye wadi, bonde la mto uliokauka, juu ya kokoto tupu. Ukiangushwa pale, ngozi inabaki chini. Kwa hivyo kila mtu alijifunza kuutoa mpira kabla hajashikwa.

Mwisho hao wa maofisini wakakubali mechi, uwanjani kwao. Wenzetu wawili walizuiwa kazini, tukaingia kumi na mmoja.

"Rudini gereji, hamtimii!" wakatucheka.

"Nyie hesabuni pointi," nikawajibu. "Watu wetu tunawajua."

Waliturukia kutuangusha wakakumbatia hewa, mpira umeshafika kwa mwengine. Tuliwafunga ishirini na mbili kwa kumi na sita! Nahodha wao akaja anahema. "Bwana, nani mwalimu wenu?"

"Nyinyi," nikamwambia. "Mngetupa majani, tungejifunza kuanguka."

Usiivunje timu, mama. Cheza na hao waliopo, popote mnapopata, halafu waombeni mechi wenye uwanja.

Babu yako,
Salim