Mti Ambao Kwao Ni Meksiko

Yaya Feza, dada yangu,

Nakusalimu kutoka Turffontein, huku ugenini kusini mwa Afrika, ambako baridi ya asubuhi inauma kuliko maneno ya bosi. Mimi na Didas, yule Mrundi ninayekaa naye mtaa wa Hillbrow, tunang'oa mti wa miiba uani kwa mama mmoja. Anauita hothoni. Alituambia kwao ni milima ya Meksiko hadi Gwatemala, si wa hapa, na unainyima nafasi miti ya kienyeji. "Lazima utoke na mizizi yake yote," akasema.

Didas akaninong'oneza, "Kaka, chimba polepole. Mti ukiisha, atatugeukia sisi tusio wa hapa."

Mchana yule mama akatuletea mkate uliopakwa jamu ya njano, tamu kweli. Nikamuuliza ni ya nini. Akajibu bila hata kutabasamu kwamba ni ya matunda ya mti huohuo, huipika kila mwaka.

Sasa tumekuta mizizi imeingia mpaka chini ya sebule yake. Kazi hii ikiisha sina nyingine, Yaya. Ukituombea mimi na watoto wangu, uombee na huu mti, usikubali kutoka upesi.

Mdogo wako akupendaye,
Bahati