Chupa Nyekundu ya Bwana Pfannkuch

Marburg, 17 Oktoba 1907

Mdogo wangu mpenzi Elsbeth,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua tangu mmalize kuvuna viazi. Mimi sijambo, ila mikono imechubuka kwa kusugua masufuria.

Umeuliza kama bado napika kwa Daktari Astholz, yule wa wagonjwa wa kisukari. Bado nipo. Mwaka wa kumi na moja sasa anahangaika na ugonjwa huo mmoja, na safari hii ameona kwamba siku tatu za uji wa shayiri na siagi, bila kingine chochote, huwapunguzia wengine sukari. Aliula kwanza mwenyewe wiki nzima, mpaka mkewe akalalamika kwamba ameolewa na farasi.

Kila asubuhi chupa za mkojo hupangwa dirishani, kila moja na jina lake. Daktari huchemsha kidogo pamoja na dawa yake ya buluu. Ikigeuka nyekundu kama tofali, sukari ipo. Wiki iliyopita wote walitoka buluu isipokuwa Bwana Pfannkuch, tarishi mstaafu mwenye kidonda cha mguu kisichopona.

Basi ikawa vita. Daktari akamwambia mbele ya wenzake kwamba anakula mkate kwa siri. Akapekua godoro, akanusa mifuko ya koti, akakung'uta hata viatu. Mzee Rübsam wa kitanda cha pili akauliza kama wameshatafuta kwenye ndevu, maana mle hata tanuri linaenea. Pfannkuch akacheka nao, akasema watafute vizuri, huenda wakapata na soseji. Hakujitetea. Daktari akatamka kwamba Jumatatu ikitoka nyekundu tena, arudi kwao, kitanda kina wenye kukingoja. Na kurudi kwao na mguu ule, Elsbeth, ni kwenda kukatwa.

Sasa nikuambie nisichomwandikia mtu mwingine. Mkate haukuwapo. Ni mimi. Siku ya kwanza nilimwona anameza uji amefumba macho, roho ikaniuma, nikawa namtilia kijiko cha asali chini ya siagi. Nilijua sukari ni marufuku, lakini asali kwetu si dawa? Bibi alitupaka mpaka kooni.

Jumapili nilimwendea Daktari, nikasema yote. Alinikodolea macho, kisha akacheka hadi miwani ikaanguka. Akasema miaka yote hii amewachunga wagonjwa, kumbe wa kuchungwa ni mpishi. Hakunifukuza. Uji ukaanzwa upya, na leo asubuhi chupa ya Pfannkuch imetoka buluu. Daktari ameizungusha wodi nzima kama bibi harusi.

Nikaenda kumwomba msamaha Pfannkuch. Akaniambia asali aliionja tangu kijiko cha kwanza, na akajua ndiyo inayomponza, ila angesema ningefukuzwa. Nilimgombeza sana, mtu mzima na akili zake, kwa nini basi asiache kula. Akajibu kwamba tangu mkewe afariki, hakuna mtu aliyemtilia kitu kitamu bila kuombwa.

Ameniomba, mguu ukipona, nimwache anisindikize kanisani. Nimekubali, tena haraka kuliko inavyompasa mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Mama usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe.

Wabusu watoto, msalimie shemeji na majirani wote.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ottilie